Amana ya Mwantumu

Kiti alichopewa Mwantumu ndicho ambacho wanawake wengine wote walikuwa wamekikataa.

Viti vilipangwa kwa duara ndani ya ghala la zamani la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, na kila kiti kilikuwa na maana yake. Neno lilikuwa moja tu, la Kiingereza, hold. Wanawake walilitamka holdi, wakalizoea kama jina la jirani. Kulikuwa na kiti cha kushika kikombe, na cha kubeba mtoto mchanga. Kulikuwa na cha kubana pumzi. Bi Chausiku alipewa cha kusubirishwa kwenye simu, akasinzia pale pale mpaka mafundi wakalazimika kuanza upya. Mama Ngoda alipata cha kuitisha kikao, na tangu siku hiyo hakuacha kuwaitishia wenzake vikao hata wakati wa chai. Cha kuweka kinyongo kiligombaniwa na watatu. Kilichobaki kilikuwa kile cha kumshikilia mtu asianguke, mpaka nguvu zinapokwisha.

"Sikilizeni tena," alisema Bwana Kaniki, msimamizi wao, ambaye alipenda kueleza. "Mikono ya chuma ya hospitalini inapewa amri kwa Kiingereza dunia nzima. Daktari akisema holdi, mkono unajua kwamba ushike. Haujui ushike vipi, kwa nguvu gani, wala uachie wakati gani. Wenye lugha yao neno ni hilo hilo moja, mengine wanakisia tu. Kwetu sisi kila namna ya kushika ina jina lake. Ndiyo maana wametufuata."

"Yaani wametufuata kwa sababu tuna maneno mengi mdomoni?" aliuliza Mama Ngoda.

"Unaweza kusema hivyo, mama."

"Laiti mume wangu angekuwepo akasikia!"

Ghala zima likacheka. Sikudhani naye alicheka, lakini kwa kuinama, mkono ukiwa mdomoni. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Shule aliiacha darasa la tano, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu.

Kazi yenyewe haikuwa na jasho. Mtu alivaa kofia ya nyavu, akafumba macho, akakumbuka tukio moja la maisha yake ambalo ndani yake ile maana ilikuwa hai. Siyo kulisimulia, bali kulikumbuka, mpaka viganja vikakumbuka pia. Mashine ililichukua. Na lilipochukuliwa, lilimtoka mwenyewe, kama koroboi inavyozimika: ulijua palikuwa na mwanga, hujui tena ulimulika nini. Hili walielezwa mapema na wakakubali. Wengi wao walikuwa na jambo ambalo wangefurahi kulitua.

Ila wanawake waliongeza desturi yao wenyewe ambayo Bwana Kaniki hakuijua. Waliiita kuwekeana amana. Kabla mtu hajakaa kwenye kiti, alimchagua mwenzake mmoja, akampeleka bombani nyuma ya ghala, akamsimulia lile tukio mwanzo mpaka mwisho. Aliyepokea hakuruhusiwa kuongeza wala kupunguza. Siku mwenyewe akilitaka, alirudishiwa kwa maneno yale yale.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu. Fundi mmoja wa mashine alikuwa amemnong'oneza Mama Ngoda kwamba kichwa cha mtu hakipendi tundu. Pale jambo lilipotoka panabaki laini kama saruji mbichi, na kitakachowekwa pale kwanza ndicho kitakachogandia. Baada ya hapo mwenyewe ataapa kwamba alikiona kwa macho yake.

Kwa amana, kila mtu alimtaka Sikudhani.

"Huyu ni chungu chenye kifuniko," walisema. "Ukitia, umetia."

*

"Nitasema mara moja tu," alisema Mwantumu pale bombani, ameupa mgongo mlango wa ghala. "Ukiniuliza swali katikati nitashindwa."

Sikudhani akatikisa kichwa kukubali. Alimpenda Mwantumu kwa sababu hakuwahi kumtania kwa unyamavu wake. Ila hakuwahi kumwona akicheka pia, hata siku ile ya Mama Ngoda na mumewe.

"Maji yaliingia asubuhi, watu wanakunywa chai. Tulipotoka nje, tayari yako kiunoni. Mdogo wangu Mhina akawahi kupanda juu ya ukuta wa josho, akalala kifudifudi, akaninyooshea mikono. Mimi niko chini. Kulia nina Zuhura, kushoto nina kaka yake Kheri. Zuhura alikuwa mchanga, hawezi kumdaka mjomba wake, ilikuwa lazima nimnyanyue kwa mikono miwili. Mhina anapiga kelele, mlete, mlete! Sasa hiyo mikono miwili ningeipata wapi?"

Bomba lilikuwa bovu, likaendelea kudondosha.

"Nikamwachia Kheri. Hakuponyoka, Siku. Watu wanasema aliponyoka, wananionea huruma tu. Nilifungua vidole mwenyewe, najua ninachofanya. Akaniangalia. Nikamnyanyua mwenzake, nikampa Mhina, na nilipogeuka palikuwa na maji matupu."

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Ndicho wanachokitaka," alisema Mwantumu. "Wanataka mkono ujue kushikilia mpaka mwisho, na ujue mwisho ni upi. Basi wakichukue. Nimechoka kulala nacho."

"Na ukikitaka tena, dada?"

"Utanipa kama nilivyokupa, hivyo hivyo kilivyo kibaya. Ni mwanangu huyo. Siwezi kumtupa mara mbili."

Alipotoka kwenye kile kiti alikuwa na njaa. Alikula maandazi ya Bi Chausiku bila kuomba, kisha akamwuliza kama unga aliukopa kwa mwashi, mbona yana mawe. Bi Chausiku alikuwa amezoea kumwona kimya. Alibaki ameduwaa, halafu akaangua kicheko, na Mwantumu naye akacheka mpaka akashika ukuta.

*

Miezi ilipita. Mwantumu alinenepa. Alianza kujitanda khanga za rangi kali na kuimba akipepeta. Zuhura akapata mchumba, kijana wa Muheza mwenye adabu, na nyumba ikajaa shangazi na jirani. Katikati ya hekaheka hizo Mwantumu alikwenda kwa Sikudhani, akamkuta anamenya mihogo uani, akavuta kigoda.

"Zuhura ananiuliza habari za kaka yake," alisema. "Anataka amwombee dua kabla hajaolewa. Najua Kheri alikufa maji. Najua Zuhura alipona. Hapo katikati ni peupe. Nirudishie kisa changu, Siku."

Sikudhani aliweka kisu chini. Maneno alikuwa nayo yote, yamepangika kinywani kama alivyoyapokea. Alimtazama Mwantumu usoni. Uso ulikuwa umejaa, na ile mistari miwili katikati ya nyusi ilikuwa imefutika.

"Ulikuwa umesimama kwenye maji," alianza.

"Ehe."

"Mhina alikuwepo."

"Na Kheri? Nilikuwa nimemshika mimi?"

Swali hilo aliliuliza taratibu sana, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa.

"Hapana," alisema Sikudhani. "Wewe ulikuwa na Zuhura. Kheri alikuwa upande wa Mhina. Maji yakamchukua."

Yalikuwa maneno machache, na aliyasema kwa huruma. Mwantumu alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa naogopa, mdogo wangu. Sijui hata nilikuwa naogopa nini."

Akamkumbatia, na Sikudhani, mikono ikiwa imejaa utomvu wa mihogo, akajiambia kwamba hajamdhuru mtu yeyote.

*

Lile jambo lilimea.

Wiki kadhaa kabla ya harusi, wanawake walipokusanyika kuchambua mchele, Mwantumu alikaa na ungo wake mapajani, na ghafla, bila kuulizwa, akaanza kusema.

"Ninamwona Mhina kabisa. Kavaa shati la kijani. Kamshika mtoto kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeshika mfuko wa sokoni. Halafu namwona anafungua vidole."

Mikono ya Sikudhani ikasimama ndani ya ungo. Habari ya vidole hakuwa ameitamka. Alikuwa ameificha. Kumbe kichwa cha Mwantumu kilikuwa kimepapasa huko gizani, kikavipata vidole vyake mwenyewe, kikampachika Mhina.

"Labda aliponyoka, dada," alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuponyoka! Mwanangu aliachiwa. Niliona kwa macho yangu haya."

Wanawake wakatazamana. Mama Ngoda, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mhina alifika alasiri ya siku ile ile, amevaa kanzu safi, amebeba mkeka mpya wa harusi kama mjomba anavyopaswa. Yeye ndiye angeukalia pamoja na wazee kuwapokea wakwe. Mwantumu alimkuta mlangoni.

"Rudi ulikotoka."

"Kuna nini, dada?"

"Mikono hiyo haitampokea tena mtoto wangu yeyote. Ulimwachia Kheri. Nilikuona."

Mhina aliwatazama wanawake mmoja mmoja, kisha akamtazama dada yake kwa muda. Sikudhani alimwona akifungua mdomo. Akaufunga.

"Sawa, dada," alisema. Akauegemeza mkeka ukutani, akaondoka.

Mji mdogo hauna siri. Kijiweni walianza kumwachia benchi peke yake. Sikudhani alipita pale siku moja, akamsikia kijana mmoja akimwambia muuza kahawa, "Huyo usimpe kikombe cha kigae. Ataachia." Wengine wakacheka. Mhina alikunywa kahawa yake, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Na Sikudhani alipita. Hilo ndilo alilolijutia baadaye kuliko hata uongo wenyewe. Uongo aliusema mara moja, tena ghafla. Kupita alipita kila siku akienda sokoni, na kila siku alisema moyoni kwamba kesho atazungumza.

*

Mhina alianguka nyumbani kwake, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, jirani wakampeleka hospitali. Sikudhani alikwenda kumwangalia akiwa na uji kwenye chupa. Wodini, kutoka kwenye reli ya darini, ulining'inia mkono wa chuma uliovishwa mpira laini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si binti wa kule ghalani? Sikudhani?" Ulimi wake ulikuwa mzito lakini ulisikika. "Karibu. Umekuja wakati wa mazoezi, njoo uone ajabu."

Muuguzi alimsaidia kukaa kitandani, kisha akasema kwa sauti kavu, "Holdi." Mkono ukateremka, ukamshika Mhina juu kidogo ya kiganja, kwenye kifundo, ukamsimamisha. Walitembea hatua chache hivyo, mzee mwenye mguu wa kuburuta na mkono usio na mwili.

"Angalia mkono unaponishika," alisema Mhina. "Hapa, siyo kiganjani. Dada ndiye aliyenilea. Akinipeleka mtoni kuoga ananishika hapa hapa. Anasema kiganja kinateleza. Siku ya kwanza mkono huu uliponishika nililia, muuguzi akadhani naumia."

Alipofika kitandani akakaa. Muuguzi akatoa amri ya pili. Mkono haukuachia mara moja. Ulibana kwanza, kwa nguvu, kisha vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine.

"Umeona? Unabana kwanza," alisema Mhina. "Nilikuwa juu ya ule ukuta, binti. Hilo niliwahi kuliona mara moja."

Sikudhani alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo unajua."

"Nilikuwepo. Nitaachaje kujua?"

"Mbona humwambii?"

"Nimwambie nini? Tangu mafuriko yale sikumsikia dada yangu akicheka mpaka mwaka huu. Nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba yake nimsikie tu anavyocheka. Kama kicheko hicho kinataka mtu wa kulaumiwa, niache niwe mimi. Mimi sina binti wa kuozesha."

"Ni mimi niliyemwambia. Aliniachia amana, nikamrudishia nyingine. Nilimwonea huruma."

Mhina aliusugua ule mkono wake uliokufa ganzi.

"Basi tumekuwa wawili wa kumwonea huruma," alisema hatimaye. "Maskini dada yangu."

"Nimwambie?"

"Usiniulize mimi. Nikisema mwambie, nitakuwa najitetea. Nikisema usimwambie, utajificha nyuma yangu." Akageukia ukutani. Sikudhani alipokuwa anafunga chupa ya uji alimsikia akiongeza, kama anayeongea na ukuta: "Ila natamani aje. Hata akija kunitukana."

*

Sikudhani alimkuta Mwantumu uani, peke yake, anakuna nazi. Hakusubiri kukaribishwa.

"Dada, nina amana yako. Sikukurudishia."

"Ulinirudishia, Siku."

"Nilikurudishia nyingine."

Akaitoa yote, kwa maneno ya Mwantumu mwenyewe, chai ya asubuhi, ukuta wa josho, kulia na kushoto, mlete, mlete. Hakuongeza. Alipofika kwenye vidole akaianza sentensi upya. Mwantumu alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayepewa habari za mji asioujua.

"Masikini," alisema mwishoni. "Mama wa watu."

Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. Mbuzi ya kukunia ikalia chini yake alipogeuka.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, dada."

Mwantumu alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, nyusi zimekunjwa, akitafuta. Alipofumbua alionekana amechoka.

"Nakuamini," alisema. "Jambo kama hili huwezi kulitunga, huna mdomo huo. Lakini nikifumba macho namwona Mhina na shati lake la kijani."

"Jaribu tena."

"Namwona Mhina! Na hainiumi, Siku. Unanieleza nilivyomwachia mwanangu, na hainiumi. Inaniuma ya Mhina, ambayo haikutokea." Akaiweka nazi chini. "Nilikuomba mwanangu, ukanipa nini?"

Sikudhani akamwambia waende ghalani wakaulize kama kile kilichotoka kinaweza kurudishwa.

Walikwenda pamoja kwa Bwana Kaniki. Aliwasikiliza, akavua miwani, akaisafisha ingawa ilikuwa safi. Kilichotoka hakirudi, alisema. Kimeshagawanywa. Kiko katika kila mkono unaofanya kazi leo, huku kwetu na ng'ambo.

"Kwa hiyo wagonjwa wote wameshikwa na mkono wangu," alisema Mwantumu.

"Ndiyo, mama. Umeokoa wengi."

"Mimi tu ndiye nisiyekuwa nao."

Bwana Kaniki akairudisha miwani usoni.

*

Harusi ilikuwa imekaribia sana siku waliyokwenda wodini. Njiani Sikudhani alitembea nyuma ya Mwantumu hatua moja, kama mtu aliyefukuzwa ambaye hajaambiwa aende wapi. Mlangoni Mwantumu alisimama. Mhina alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka. Uso wa Mwantumu ukakauka, akageuka kutaka kurudi.

"Si yeye," alisema Sikudhani.

Mwantumu akashika fremu ya mlango.

"Si yeye, dada. Hakumwachia mtu. Alimpokea Zuhura."

Mwantumu aliingia. Alivuta kiti, akaketi mbali kidogo na kitanda.

"Jumamosi utakaa mkekani," alimwambia mdogo wake kwa ukali, akiangalia dirishani. "Watakubeba kwa kiti. Zuhura kasema bila mjomba wake haolewi."

"Nitakaa, dada."

"Siku kaniambia mambo. Nimeyakubali. Lakini macho yangu hayajakubali, Mhina. Nikikutazama nakuona unamwachia. Nitafanyaje?"

Kwa ule mkono wake mmoja uliobaki mzima Mhina aliukokota mwenzake, akaingiza yote miwili chini ya shuka, ili dada yake asilazimike kuiona.

Mwantumu aliona. Akasogeza kiti, akalifunua shuka, akakishika kifundo cha mdogo wake, juu kidogo ya kiganja. Chuki ilikuwa bado imo vidoleni mwake, ingawa mdogo wake hakuwa na kosa.

"Siku," alisema, bila kupepesa, "sema."

"Si yeye."

"Sema tena."

Sikudhani akasogea karibu na sikio lake, akasema tena.